Ndege inarudi nyumbani, nani anapanda?

JULAI 2011, Dar es Salaam. Mtajie shabiki wa Yanga Kombe la Kagame la mwaka huo, cha kwanza kitakachomjia ni bao la Kenneth Asamoah lililoizima Simba kwenye fainali. Shabiki wa Simba naye hajasahau, ingawa angependa.

Lakini kuna timu iliacha stori nzito zaidi ya bao hilo. Red Sea ya Eritrea ilikuja mjini na kikosi chake, ikacheza, ikamaliza. Ndege ya kurudi Asmara ilipoondoka, watu 13 wa msafara hawakuwemo. Walibaki jijini, kisha wakaomba hifadhi.

Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2009, wachezaji 12 wa timu ya taifa ya Eritrea walibaki Nairobi baada ya Kombe la Chalenji. Haikuwa mara ya mwisho pia. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Kampala, wachezaji 17 na daktari wa timu wakapotea kwa mkupuo. Mwaka 2015 wachezaji 10 wakagoma kurudi kwao kutoka Botswana walikokwenda kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia.

Vijiweni watu walicheka, wakasema jamaa wamezamia. Lakini kuzamia tunakokujua sisi, kwenda majuu kusaka maisha, ni kitu kingine. Eritrea ilitoka kwenye vita na Ethiopia mwaka 2000. Mwaka uliofuata serikali iliwakamata vigogo wake waliokuwa wakidai mageuzi, ikafunga na magazeti binafsi. Utumishi wa kijeshi ambao kisheria ni wa miezi 18 ukageuka kitu ambacho kijana anakiingia bila kujua atakitoka lini. Kwa mchezaji, safari ya kwenda kucheza nje ndiyo nafasi pekee ya kuvuka mpaka akiwa na pasipoti mkononi.

Jaribu kufikiria usiku wa mwisho hotelini. Mechi zimeisha, begi limefungwa, basi la uwanja wa ndege linakuja alfajiri. Kwenu kuna mama, mke, watoto. Unapanda au hupandi?

Swali hilo liliwahi kukikuta kikosi ambacho wakati wake hakikuwa na mpinzani duniani. Hao nao walikuwa ugenini na mabegi yao, nchi yao ikageuka wakiwa nje. Wengine walipanda, wengine hawakupanda. Maisha yao yote yanajulikana mpaka mwisho, kwa hiyo hesabu yao inaweza kupigwa.

MAJIRANI WA KISPEST

Jina la Ferenc Puskás hata kijana wa leo analijua. Kila mwaka FIFA inatoa Tuzo ya Puskás kwa bao kali kuliko yote, tangu mwaka 2009. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hilo alikaa miaka 25 bila kukanyaga kwao.

Puskás alikulia Kispest, kitongoji cha Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Jirani yake alikuwa József Bozsik, aliyemzidi mwaka mmoja na miezi michache. Walicheza chandimu pamoja, wakaenda klabu ya Kispest pamoja. Puskás alikuwa mdogo kiasi kwamba alisajiliwa kwa jina la bandia, Miklós Kovács, kwa sababu umri wake ulikuwa haujafika. Wale wa ndondo watamwelewa vizuri.

Bozsik akawa kiungo, fundi wa pasi, mtu wa kutulia. Puskás akawa straika mwenye mguu mmoja tu, wa kushoto, lakini mguu huo ulitosha kwa watu kumi.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Hungaria ilikuwa chini ya mkono wa Urusi ya Kisovieti. Wakomunisti walipokamata nchi yote, soka nalo likakamatwa. Mwaka 1949 Kispest ikakabidhiwa kwa Wizara ya Ulinzi, ikapewa jina la Honvéd, yaani askari mlinzi wa nchi. Mchezaji aliyetakiwa Honvéd hakuwa na la kusema. Straika Sándor Kocsis akaondolewa Ferencváros. Kipa Gyula Grosics akaletwa, baadaye na winga Zoltán Czibor. Wote wakapewa vyeo vya jeshi, na Puskás akafika hadi kuwa meja.

Kwa hiyo timu ya taifa ilikuwa kama Honvéd na nyongeza kidogo, na nyongeza kubwa ilikuwa Nándor Hidegkuti wa MTK. Kocha alikuwa Gusztáv Sebes, ambaye pia alikuwa naibu waziri wa michezo.

Matokeo yake? Dhahabu ya Olimpiki ya Helsinki 1952. Novemba 1953 wakaenda Wembley wakaipiga England 6-3, Hidegkuti akitupia matatu. Kwenye marudiano England ikaenda Budapest Mei 1954, ikala 7-1. Kuanzia katikati ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1956 Hungaria ilifungwa mechi rasmi moja tu. Bahati mbaya mechi hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia 1954, pale Bern, Uswisi, 3-2 dhidi ya Ujerumani Magharibi, timu waliyokuwa wameichapa 8-3 kwenye makundi.

WALIMNYONGA BEKI

Mastaa hao waliishi vizuri kuliko raia wa kawaida. Walisafiri wakati wengine hawaruhusiwi. Walirudi na bidhaa za ng'ambo ambazo madukani Budapest hazikuonekana, na watu wa forodha walifumba macho. Serikali iliwahitaji.

Lakini kila mmoja alijua mpaka wake uko wapi. Januari 1949 straika László Kubala alitoroka nchi akiwa nyuma ya lori, amevaa sare za kijeshi. Alifungiwa, akahangaika, mwisho akatua Barcelona akawa mfalme.

Miaka miwili baadaye akajaribu Sándor Szűcs, beki wa Újpest aliyekuwa ameichezea timu ya taifa mechi 19. Alitaka kutoroka na mpenzi wake, mwimbaji. Walikamatwa. Juni 1951 Szűcs alinyongwa. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, na jina lake halikumwokoa.

Grosics naye alikuwa na faili. Baada ya fainali ya 1954 watu waliandamana Budapest kwa hasira, na miezi michache baadaye kipa huyo akatuhumiwa ujasusi, akazuiwa kucheza kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza kwa nini hawakuondoka mapema, jibu ni hilo. Kuondoka kulikuwa na kamba mwishoni.

VIFARU MJINI, TIMU UGENINI

Oktoba 23, 1956 wanafunzi na wafanyakazi waliingia barabarani Budapest. Walitaka jeshi la Urusi liondoke na uchaguzi wa kweli. Imre Nagy akawa waziri mkuu, na kwa siku chache ilionekana kama mambo yamebadilika kweli.

Honvéd ilikuwa na mechi ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Athletic Bilbao. Katika kipindi hichohicho cha vurugu timu ikaondoka nchini. Tayari redio na magazeti ya nje yalikuwa yameshatangaza kwamba Puskás ameuawa, habari ambayo mwenyewe aliikanusha kwa kuonekana mzima.

Novemba 4 vifaru vya Urusi viliingia Budapest. Watu wapatao 2,500 wa Hungaria walikufa katika mapambano yale, na wapatao 200,000 wakakimbia nchi. Kikosi cha vijana cha Hungaria kilikuwa Uswisi wakati huo, na wengi wao hawakurudi.

Novemba 22, Honvéd ikaingia uwanjani Bilbao. Hebu fikiria mtu anayetakiwa kumkaba winga huku hajui kama nyumba yake bado imesimama. Walifungwa 3-2, matokeo ambayo siku nyingine wangeyapindua Budapest bila jasho. Lakini Budapest haikuwa na hali ya kuchezea mpira. Marudiano yakahamishiwa Brussels, Ubelgiji, Desemba 20.

Huko ndiko lilikotokea jambo linaloeleza hali yao kuliko maneno. Kipa wao aliumia, na enzi hizo hakukuwa na mabadiliko ya wachezaji. Czibor, mmoja wa mawinga wakali duniani, akavaa glavu akakaa golini. Honvéd ikapambana ikatoka sare ya 3-3 na kutolewa kwa jumla ya 6-5. Bora ya Ulaya ikaaga mashindano ikiwa na winga langoni.

MCHONGO WA MEXICO

Baada ya hapo hawakuwa na pa kwenda wala pa kurudi kwa amani. Wake na watoto wa baadhi yao walikuwa wameanza kufika. Mke wa Puskás na binti yao mdogo waliondoka Budapest wakavuka mpaka kuingia Austria. Hapo ndipo jambo lilipobadilika kwa nahodha. Mtu ambaye familia yake imeshavuka anapiga hesabu tofauti na yule ambaye mama yake bado yuko kulekule.

Ili kula, timu ilicheza mechi za kirafiki. Italia, Ureno, Hispania. Waliifunga Barcelona 4-3, wakatoka 5-5 na kombaini ya Madrid. Viwanja vilijaa. Mexico ikaleta mchongo: njooni wote, tutawapa hifadhi, mtacheza ligi yetu. Walikataa.

Badala yake wakaenda Brazil mwanzoni mwa 1957, wakicheza na Flamengo na Botafogo. Kocha Béla Guttmann, Mhungaria mwenzao, akajiunga nao. Chama cha soka cha Hungaria kilishapiga marufuku ziara hiyo, na FIFA ikasimama upande wa chama. Hata jina la Honvéd wakakatazwa kulitumia. Kikosi kilichoitetemesha Wembley kikawa kinacheza bila jina.

Waliporudi Ulaya hapakuwa tena na ziara ya kuwaficha. Kila mtu achague. Hapakuwa na kura, hapakuwa na nahodha wa kuamua kwa niaba ya wote.

Puskás, Kocsis na Czibor wakasema hawarudi. Bozsik akarudi. László Budai akarudi. Grosics, mwenye faili lake la ujasusi, naye akarudi. Guttmann alibaki Brazil na kuifundisha São Paulo.

Watoto wawili wa Kispest waliokuwa pamoja tangu chandimu wakaachana hapo. Bozsik alikuwa mbunge na kwao kulikuwa Kispest. Puskás alikuwa na mke na mtoto upande huu wa mpaka. Ukisoma magazeti ya upande mmoja, wa kwanza alikuwa mzalendo na wa pili msaliti. Ukisoma ya upande wa pili, wa kwanza alikuwa mwoga na wa pili shujaa. Waliokuwa nao chumba cha kubadilishia nguo walijua kwamba hakuna kati ya majina hayo manne lililowatosha.

BEI YA KUBAKI NJE

Leo tunamkumbuka Puskás wa Real Madrid, tunadhani alitoka Honvéd moja kwa moja hadi Bernabéu. Haikuwa hivyo.

Alifungiwa. Akiwa na miaka 29, umri ambao straika anatakiwa kuvuna, alikaa nje ya soka la ushindani hadi 1958. Alihama kutoka Austria kwenda Italia akitafuta timu. Wataliano walimwangalia wakaona mzee, tena mnene. Mfungaji wa mabao 84 katika mechi 85 za taifa lake alikuwa anahangaika na mazoezi ya peke yake, kitambi kikimtangulia.

Aliyemwokoa ni mtu wa kwao. Emil Österreicher, aliyekuwa meneja wa Honvéd katika ziara ile, alikuwa ameshapata kazi Real Madrid. Rais wa klabu, Santiago Bernabéu, akakubali kumsajili mtu wa miaka 31 ambaye hakuwa amecheza kwa karibu miaka miwili.

Kilichofuata kiko kwenye vitabu vya rekodi. Mabao 242 katika mechi 262. Mfungaji bora wa La Liga mara nne. Mei 1960, mbele ya watu zaidi ya 127,000 pale Hampden Park, Glasgow, Real Madrid iliipiga Eintracht Frankfurt 7-3 kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Alfredo Di Stéfano alitupia matatu. Puskás alitupia manne.

Kocsis na Czibor walikwenda Barcelona, alikokuwa Kubala. Wakachukua ubingwa wa Hispania. Mei 31, 1961 wakafika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, na ratiba ikawapeleka wapi? Bern, uwanja uleule wa Wankdorf walikopoteza Kombe la Dunia miaka saba kabla. Wote wawili walifunga. Barcelona ikalala 3-2, matokeo yaleyale ya 1954. Benchi la washindi, Benfica, alikaa Guttmann.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Puskás. Fainali ya Amsterdam, alifunga mabao matatu kipindi cha kwanza na bado Real Madrid ikafa 5-3. Mbaya wake? Benfica ya Guttmann tena, safari hii ikiwa na kijana kutoka Msumbiji anayeitwa Eusébio, aliyefunga mawili. Wakimbizi wa Budapest walikuwa wanagombea kombe kubwa la Ulaya wao kwa wao, wamevaa jezi za watu.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hupenda kuliruka. Hispania waliyokimbilia ilikuwa chini ya Jenerali Franco, dikteta wa upande mwingine. Serikali yake iliwapa uraia haraka na kuwatumia kama ushahidi kwamba ukomunisti ni mbaya. Walitoka mikononi mwa wakubwa waliowatumia, wakaingia mikononi mwa wakubwa wengine waliowatumia pia, ila huku mshahara ulikuwa mnono. Mwaka 1962 Puskás alikwenda Kombe la Dunia Chile na jezi ya Hispania. Hakufunga hata bao moja kwa taifa hilo.

BEI YA KURUDI

Waliorudi hawakunyongwa. Bozsik aliendelea na Honvéd, akawa Mhungaria wa kwanza kufikisha mechi 100 za taifa, akamaliza na 101. Hidegkuti, ambaye hakuwa wa Honvéd, naye alibaki raia wa kwao, kisha akaruhusiwa kufundisha nje, akaipa Fiorentina Kombe la Washindi Ulaya 1961. Kwa hiyo anayesema kurudi kulikuwa sawa na kuzikwa hai anatia chumvi.

Lakini angalia Kombe la Dunia 1958 pale Uswidi. Hungaria ilikwenda na Grosics, Bozsik, Hidegkuti na Budai. Safu iliyoitisha dunia haikuwepo. Ililazimika kucheza mechi ya ziada na Wales, Juni 17, kugombea robo fainali. Siku moja kabla, Juni 16, Imre Nagy, waziri mkuu wa siku zile za Oktoba, alinyongwa Budapest. Watu waliokwenda uwanjani Stockholm hawakufika hata 3,000. Hungaria ikafungwa 2-1, ikarudi nyumbani. Kurudi kwa mara nyingine, safari hii bila swali.

Grosics alilipa kwa namna yake. Aliporudi hakurudishwa Honvéd, alipelekwa Tatabánya, timu ya mji wa wachimba makaa ya mawe. Alicheza huko kwa miaka, akiwa bado kipa wa taifa hadi Chile 1962. Alichokitaka kabla ya kustaafu ni kimoja, kuidakia Ferencváros. Alikataliwa. Akatundika glavu.

Machi 2008 Ferencváros ilicheza mechi ya kirafiki na Sheffield United. Kipa aliyeanza alikuwa Gyula Grosics, umri miaka 82. Alikaa langoni kidogo, akatoka akishangiliwa, na jezi yake namba moja ikastaafishwa. Ombi lililokataliwa mwaka 1962 lilijibiwa baada ya miaka 46.

NANI ALIPATIA?

Hili ndilo swali la kijiweni, na kila mtu ana jibu lake mpaka azipange karata zote mezani.

Kocsis alibaki nje akashinda makombe. Hakurudi kuishi kwao. Julai 1979, akiugua saratani, alianguka kutoka dirisha la hospitali Barcelona akafariki, miaka 49. Czibor alibaki nje, akarudi Hungaria baada ya ukomunisti kuanguka, akafariki huko 1997. Bozsik alirudi, akaheshimiwa, akafariki Budapest mwaka 1978, miaka 52 tu.

Puskás alizunguka. Aliifikisha Panathinaikos ya Ugiriki fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 1971, iliyochezwa Wembley, uwanja uleule wa 6-3. Baadaye akafundisha hadi Afrika, Al Masry ya Misri, hawahawa wa Port Said ambao Simba inawajua vizuri. Mwaka 1981 alikanyaga Budapest kwa mara ya kwanza tangu 1956. Watu walimpokea kama mtoto aliyepotea.

Ila jirani yake hakuwepo. Bozsik alikuwa ameshalala kaburini miaka mitatu.

Ndiyo maana hesabu ya mabao na makombe haitoshi hapa. Kwa makombe, waliobaki nje walishinda wazi. Kwa mazishi ya wazazi, kwa lugha ya nyumbani, kwa kuzeeka mtaani ulikokulia, waliorudi walipata ambacho Real Madrid haikuweza kukiweka kwenye mkataba. Na wote, wa huku na wa kule, walipoteza kitu kilekile ambacho hakuna aliyekipata tena, ile timu yenyewe. Walikuwa na miaka ishirini na kitu hadi thelathini na kitu, na Kombe la Dunia lilikuwa linawadai. Waliovunja timu hiyo hawakuwa Puskás wala Bozsik. Ni wale waliopeleka vifaru.

Puskás alirudi kuishi kwao siasa zilipobadilika, akafariki Novemba 2006, akazikwa katika Basilika ya Mtakatifu Stefano kwa heshima zote za taifa. Uwanja wa taifa Budapest una jina lake. Uwanja wa Honvéd kule Kispest una jina la Bozsik. Nchi ilimaliza kwa kuwakubali wote wawili, aliyepanda ndege na asiyepanda. Ilichukua nusu karne.

KUNDI LA TAIFA STARS

Wale 13 wa Dar es Salaam, 12 wa Nairobi na 18 wa Kampala hawakuwa na Bernabéu wa kuwasajili wakiwa na kitambi. Wengi wao walikuwa vijana ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa kwenye bango. Walicheza mpira mdogo kuliko Puskás, lakini usiku wao wa mwisho hotelini ulikuwa mrefu vilevile. Na nyumbani kwao kulikuwa na wenzao waliopanda ndege, ambao nao hatujawahi kuwauliza ilikuwaje.

Baadaye ikaja droo ya kufuzu Kombe la Dunia 2026. Taifa Stars iliangukia kundi E pamoja na Morocco, Zambia, Congo, Niger na Eritrea. Mashabiki wakaanza kupiga mahesabu ya pointi sita za Eritrea.

Novemba 2023, kabla ya mpira kuanza, Eritrea ikajitoa. Wengi walioifuatilia timu hiyo waliona sababu moja, hofu kwamba wachezaji wakitoka hawatarudi. Kundi likabaki na timu tano, na ratiba ikaandikwa upya.

Honvéd walau ilipewa nafasi ya kuchagua. Vijana wa Asmara waliotakiwa kucheza na Stars hawakufikishwa hata uwanja wa ndege.